Mtoto wa miaka sita na mshipi wake wa kwanza

MamaRehema: Wadau, habari zenu. Binti yangu ana miaka sita, anataka kuvua samaki. Tuko Tanga, karibu na gati dogo. Nimnunulie fimbo au mshipi wa mkono? Na ndoana namba ngapi?

Mwambani: Mshipi wa mkono, dada. Fimbo yenye mashine itamsumbua kwa kusokotana uzi. Chukua nailoni ya milimita 0.40, mita 20, izungushie chupa ya plastiki ya nusu lita. Nyembamba zaidi inakata vidole. Ndoana namba 12 (namba ikipanda, ndoana inapungua), na kijino chake kibane kwa koleo kilale, ili ikimchoma itoke bila kuchana. Chubwi (kizito cha kuzamisha mshipi) likae mwisho kabisa, ndoana kwenye kitawi, yaani uzi mfupi wa pembeni, sentimita 30 juu yake. Lifunge kwa uzi mwembamba: likinasa mwambani unakatika uzi huo, ndoana inabaki. Fundo lilowanishe mate kabla ya kulikaza, maana nailoni kavu inaungua kwa msuguano na kudhoofika hapohapo.

Bamvua: Chambo kiwe ngisi. Kamba wa baharini ni laini, vikande (samaki wadokozi wa chambo) wanamnyofoa mara moja. Kipande kisizidi ukucha wa mtoto; kikubwa kinadonolewa pembeni tu, mtoto anavuta mara kumi hapati kitu, anachoka. Mshipi aulaze juu ya kidole cha shahada, asiuzungushe kidoleni hata kidogo. Akidonolewa atulie, ukivutwa naye avute.

Nendeni siku za maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, maji yanapanda hadi karibu mita 4 na mkondo unalibeba chubwi. Anzeni yanapoanza kujaa. Jaketi la kuokolea avae hata akiwa gatini.

BiNuru: Mama Rehema, tafadhali asiguse samaki kabla hujamtambua. Samaki kama tasi na hongwe wana miba yenye sumu. Akichomwa, tumbukiza mkono wake kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia (yajaribu kwanza kwa mkono wako), dakika 30 hadi 90, kisha kituo cha afya. Joto ndilo linaloivunja sumu hiyo. Bunju, samaki anayejivimbisha, mrudisheni baharini. Sumu yake haiondoki kwa kupikwa.

MamaRehema: Ahsanteni sana. Na samaki akiimeza ndoana hadi kooni?

Mwambani: Usiivute. Kata mshipi karibu na mdomo, ufunge ndoana nyingine. Ile utaitoa nyumbani unapompasua samaki, na uhakikishe umeiona kabla hajaingia chunguni.