Bomba za maji moto ya sola: PVC, PPR au GI? Nipo dukani kesho

Nyumba_Mpya
Wakuu habari. Sola ya maji moto inafungwa wiki ijayo, nahitaji bomba za kushusha maji hadi bafu mbili na jikoni. Duka moja wanasema PVC inatosha, jingine PPR (plastiki ya polipropilini, inaunganishwa kwa kuchomwa), fundi wangu anang'ang'ania GI (chuma kilichopakwa zinki). Nichukue ipi?

Bisibisi
Mkuu, hujasema kitu. Sola ni ya mirija ya kioo au paneli bapa? Maji ya kisima au ya mtaa? Mita ngapi hadi bafu la mwisho? Bomba litapita juani au ukutani?

Kemia_Mtaani
PVC itoe hata kabla hajajibu. Ni minyororo mirefu ya kaboni isiyofungwa mmoja kwa mwingine, inashikana tu kwa mvuto wa klorini ya huku na haidrojeni ya kule. Ikiwa baridi mvuto huo unatosha, ndiyo maana bomba ni gumu. Ukikaribia nyuzijoto 80 minyororo inateleza, na ikishapita 60 halifai tena kubeba presha. Sola ya mirija, mchana ambao hakuna anayetumia maji, inapita 80 bila shida.

Nati_na_Bolti
Basi GI, tumalize. Mita 10 za chuma zikipata joto la nyuzi 40 zaidi zinarefuka milimita 5 hivi. PPR ya kawaida hapo hapo inarefuka milimita 60! Atomu za chuma zimeshikana kila upande, hazihangaiki.

Nyumba_Mpya
Maji ni ya kisima, Kigamboni. Yana chumvi kidogo.

Kemia_Mtaani
@Nati_na_Bolti umesikia chumvi? Elektroni zinazotembea huru ndani ya chuma ndizo zinazoendesha kutu. Zinki huliwa kwanza badala ya chuma, lakini kloridi huimaliza haraka, na ukikata nyuzi za jointi umeshaiondoa kwa mkono wako. Tena kama tangi lina koili ya shaba, chembe za shaba zinashuka na maji, zinaganda kwenye zinki na kutoboa mashimo.

Mchoma_PPR
PPR PN20 (daraja la presha la bar 20), milimita 25, unene wa ukuta 4.2. Ila mwangalie anayechoma. Kuna nyumba ya wageni ilifungiwa PPR nzuri kabisa ikavuja kila kona. Ilipokatwa, jointi za milimita 20 zilikuwa zimeachwa kwenye mashine mpaka plastiki ikafurika ndani, tundu likabaki nusu. Nyingine zilizungushwa wakati wa kusukuma, kwa hiyo minyororo ya pande mbili haikupata kuingiliana. Juu ya paa, bomba refu lilibanwa ncha zote mbili. Lilipopata joto likajikunja na kupasua elbo. Kubwa kuliko yote, PPR ilifungwa moja kwa moja kwenye tundu la tangi, mvuke ukailegeza. Kwa hiyo: mashine nyuzi 260, milimita 20 sekunde 5, milimita 25 sekunde 7, sukuma wima bila kuzungusha, acha ipoe dakika mbili. Mita mbili za mwanzo kutoka kwenye sola weka shaba.

Bisibisi
Shaba kisha PPR, sawa. Shaba kisha GI, hapana. Lakini mkuu, sola ni ya aina gani?

Pwani_Plumba
Kwa nini mashine? Gundi ya PVC si ipo?

Kemia_Mtaani
Gundi ile inayeyusha uso wa PVC, minyororo ya bomba na soketi inachanganyika, kiyeyushi kikikauka ni kitu kimoja. PPR ni kaboni na haidrojeni tupu, haina upande wenye chaji ya umeme ambao gundi ingeushika. Gundi itabanduka kama ganda.

Nati_na_Bolti
Na jua je? PPR ya juu ya paa inapauka na kupasuka.

Mchoma_PPR
Paka rangi.

Kemia_Mtaani
Rangi nayo itabanduka kwa sababu ileile. Vika sponji ya bomba, zungushia tepu ya alumini.

Nyumba_Mpya
Sola ni ya mirija, 20. Ila fundi ameshanunua elbo za GI...

Pwani_Plumba
PEX (plastiki ya polithini) je? Minyororo yake imefungwa kwa bondi za kweli, haiyeyuki.

Mchoma_PPR
Ndiyo maana haichomeki. Utafunga kwa fitingi za kubana, na hizo elbo za GI zirudishwe dukani leo.

Nati_na_Bolti
Zirudishwe kwa nini? Upande wa maji baridi zinafaa.

Kemia_Mtaani
Kwenye maji ya chumvi? Labda kama zimepakwa epoksi ndani.