Jerry Lewis pamoja na Superman: je, huyu ni mchekeshaji mwenyewe?

Mjukuu wa Kiborloni (Moshi)
Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Katika sanduku la marehemu babu nimekuta kitabu cha katuni cha mwaka 1968, toleo la 105, ambacho jalada lake limeanza kuachia pini na bei yake imechapwa kuwa senti 12 za Marekani. Kina jina la Jerry Lewis, naye amechorwa pamoja na Superman. Ninavyofahamu, Lewis alikuwa mchekeshaji wa kweli wa sinema. Ilikuwaje mtu aliye hai akafanywa mhusika, na je, visa hivi vilimtokea?

Mwalimu Mstaafu (Arusha)
Mwanangu, visa vyote ni vya kubuni. Kilicho cha kweli ni jina, sura na ule upumbavu aliouigiza kwenye filamu. Kampuni ya DC, iliyochapisha vitabu hivi vya katuni, ilitaka wasomaji waliokwisha kumpenda mtu sinemani. Mchekeshaji mwingine wa sinema, Bob Hope, alitangulia mwaka 1950, na kitabu chake kilifikisha matoleo 109 kabla ya kukoma mwaka 1968. Mfululizo wako ulianza mwaka 1952 ukiwa wa watu wawili waliokuwa wakiigiza pamoja, Dean Martin na Jerry Lewis. Wawili hao walitengana mwaka 1956, na kuanzia toleo la 41, mwaka 1957, jina la Martin likaondolewa jaladani, mwenzake akaendelea peke yake hadi toleo la 124, mwaka 1971. Hapo huwa naumia kidogo, kwa kuwa urafiki wao ulivunjika mbele ya watoto waliokuwa wakinunua vitabu hivyo.

Mchoraji wa Ngarenaro (Arusha)
Shikamoo, Mwalimu. Naongeza upande wa kalamu. Ndumilakuwili na Lodilofa wa jarida la Sani walikuwa watu wa kubuniwa, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema hawakufanana. Lakini pua ya Bob Hope, iliyobonyea katikati na kuchongoka mbele, kila msomaji aliijua, na mstari ukikosewa kidogo tu anakuwa mtu mwingine. Matoleo yake ya mwisho yalichorwa na Neal Adams, ambaye baadaye alisifika kwa Batman. Natamani sana marehemu King Majuto naye angepata kitabu cha namna hiyo, kwa maana uso wake ulikuwa mchoro tayari.

Mjukuu wa Kiborloni (Moshi)
Marahaba kwa maelezo haya, nawashukuru nyote. Mwalimu, Jumamosi nitapanda basi kuja Arusha, na ukiniruhusu nitakuletea kitabu ukione.