Mrejesho: Karate ya binti yangu

Wakuu, niliuliza kama nimtoe binti yangu karate, maana miezi mitatu anarudia kata moja tu, yaani mfululizo wa hatua zilizopangwa, iitwayo Heian Shodan. Mlinishauri niende nikaone mwenyewe. Nimekwenda, na nimejiandikisha.

Hatua ni 21 tu, lakini siku ya kwanza nilipogeuka mara ya pili nikapotea. Mwalimu alinisukuma begani kwa kidole kimoja, nikayumba. Akaniambia nikunje goti la mbele zaidi, akasukuma tena. Sikutikisika. Hapo ndipo nilipoelewa anachomfundisha mtoto. Kata hizi za Heian zilipangwa na mwalimu wa karate aitwaye Anko Itosu, kule kisiwani Okinawa, Japani, kwa ajili ya wanafunzi wa shule. Haraka yangu ilikuwa ya nini? Sasa binti yangu ndiye anayenifunga mkanda mweupe. Asanteni sana.