"Mwalimu, wa pili yuko wapi?" Naomba msaada wenu kuhusu magazeti na Ron Paul

MwalimuWaUraia, Kibaigwa

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Uraia sekondari hapa Kibaigwa na nasimamia klabu ya mdahalo. Kuna swali limenikaa kooni tangu Jumanne. Nawaomba mliowahi kufanya kazi za magazeti mnisaidie kabla ya Ijumaa.

Mada yetu ni upendeleo wa vyombo vya habari. Sikutaka mfano wa hapa nyumbani, maana darasa lingegawanyika kwa vyama ndani ya dakika mbili na kipindi kingeishia hapo. Nikachukua wa mbali: Ron Paul wa Marekani. Kwa asiyemfahamu, ni daktari wa uzazi aliyekuwa mbunge kutoka Texas. Mwaka 1988 aligombea urais kwa tiketi ya Chama cha Libertarian, wale wanaotaka serikali iwe ndogo, kodi ipungue na dola isimwingilie mtu maisha yake. Miaka ya 2008 na 2012 akatafuta tiketi ya Republican, kimoja cha vyama viwili vikubwa vya kule, akiwa na msimamo uleule.

Nikaandika ubaoni matokeo ya kura ya majaribio ya waliotaka tiketi ya urais ya Republican, mji wa Ames, jimbo la Iowa, tarehe 13 Agosti 2011. Bachmann 4,823. Paul 4,671. Pawlenty 2,293. Perry, ambaye hakuwemo hata kwenye karatasi, watu walimwandika kwa mkono, 718. Romney 567. Pawlenty alijitoa kesho yake. Chini nikaandika majina matatu ambayo vyombo vingi vya habari kule vilianza kuyataja kama washindani wa kweli: Bachmann, Romney, Perry.

Darasa kimya. Kisha binti mmoja wa kidato cha tatu, baba yake anabeba magunia soko la mahindi, akanyoosha mkono: "Mwalimu, wa pili yuko wapi?" Nikamwambia alipitwa kwa kura 152 tu. Akasimama akaangalia ubao muda mrefu, akasema, "Basi hapo wamepunja. Gunia wameliona, mizani wanayo, hawakulipandisha."

Wenzake walimpigia makofi. Mimi nilirudi nyumbani sina amani. Kama hakuna neno la uongo lililoandikwa, huo ni upendeleo, au ni mhariri amefanya kazi yake ya kuchagua? Sitaki watoto waamini kwamba kila asiyeandikwa ameonewa. Wala sitaki waamini kwamba anayenyamaza hana kosa. Mstari unapita wapi?

MezaYaHabari, Area C

Mwalimu, heshima yako. Nimepanga kurasa za gazeti miaka kumi na tisa, nakujibu kwa nilichokiona.

Jioni ile saa kumi na moja hakuna anayekaa kusema "leo tumfiche fulani." Nafasi ni ndogo, tangazo limeingia kwa kuchelewa, habari inakatwa kuanzia chini. Hapo unajiuliza: nani anaweza kushinda? Anayeonekana hawezi, aya yake ndiyo inayoondoka. Na wahariri wa kule walikuwa na hoja. Ames haikuwa uchaguzi. Ilikuwa harambee ya chama, tiketi dola 30, na mgombea mwenye mashabiki wenye moto angeweza kuwasomba kwa mabasi. Mashabiki wa Paul walijulikana kwa moto huo.

Lakini hoja hiyo ingemwondoa na Bachmann. Tiketi zilezile, mabasi yaleyale, siku ileile. Ukisema kura hizi hazina maana, basi hazina maana kwa wote wawili. Ukimpa wa kwanza ukurasa wa mbele halafu wa pili ukamruka, hapo umebadilisha kipimo katikati ya kazi. Kwangu mstari ni huo. Na Januari 2012, Iowa ilipopiga kura zenyewe, Bachmann alikuwa wa sita akajitoa. Perry alikuwa wa tano, naye hakumaliza mwezi ule. Paul alikuwa wa tatu kwa asilimia 21, na wiki iliyofuata New Hampshire akawa wa pili. Kwa hiyo hata huko kutabiri mshindi walikokutegemea kuliwaangusha.

Niseme na langu. Niliwahi kukata aya ya mgombea aliyeshika nafasi ya tatu kwenye jimbo moja kwa sababu nafasi iliisha. Asubuhi alikuja ofisini na gazeti limekunjwa mkononi. Hakugomba. Aliuliza tu kama tulijua kwamba aligombea. Sijamsahau yule mzee.

Nzuguni_B

Mkuu hapo juu umenena, ila tusimfanye Paul kuwa yatima. Mwaka 2012 hakuongoza kura za wananchi katika jimbo hata moja. Na magazeti yalipomgeukia kweli, yaliyafufua majarida ya miaka ya 1980 na 1990 yaliyotoka kwa jina lake, yenye maneno ya kibaguzi dhidi ya watu weusi. Alisema hakuyaandika yeye na akayakana. Mashabiki wakalia kwamba anawindwa. Mimi nasema hiyo ndiyo kazi ya gazeti, na mtoto wa Kibaigwa aambiwe hivyo pia.

Mwongezee na Gary Johnson, mgombea wa Libertarian mwaka 2016. Septemba aliulizwa kwenye televisheni angefanya nini kuhusu Aleppo, mji wa Syria uliokuwa vitani, akajibu, "Aleppo ni nini?" Ikamganda. Lakini New York Times, katika kuripoti kosa hilo, nalo liliikosea Aleppo, likasahihisha, na sahihisho lenyewe likahitaji kusahihishwa. Na mwezi huohuo Chicago Tribune, gazeti kubwa kabisa, liliandika tahariri ya kumuunga mkono Johnson. Sasa hapo magazeti yalimpenda au yalimchukia? Ukiyaweka yote kapu moja utakosea.

MamaWaMpwapwa

Mwalimu, wape rula. Wapime urefu wa habari ya kila mgombea kwa sentimita. Waangalie nani ametajwa kwenye kichwa cha habari, picha ya nani imekaa juu ya mkunjo. Halafu wapigie mstari vitenzi: huyu "alisema", yule "alidai", mwingine "alijitetea". Watu watatu wanaweza kutamka jambo moja na msomaji akawaamini tofauti kwa sababu ya kitenzi tu. Mwanangu aliligundua hilo mwenyewe, nami nilikuwa nasoma gazeti kila siku nisilione.

MwalimuWaUraia, Kibaigwa

Mungu awabariki. MezaYaHabari, habari ya yule mzee nitawasomea kama ilivyo, kwa ruhusa yako. Nzuguni_B, ya majarida nayo naipeleka. Sikuiweka ubaoni Jumanne, na nilipaswa kuiweka.

Ijumaa nitaanza na yule binti. Nitampa zile kura 4,823 na 4,671, nimpe na mistari ishirini ya gazeti, nimwambie yeye ndiye mhariri, agawe, kisha awaeleze wenzake kwa nini amegawa hivyo. Baada ya hapo rula.

Nina magazeti kumi na moja tu, na mawili yamelowa mafuta ya maandazi. Mwenye ya zamani, hasa ya msimu wowote wa uchaguzi, anijulishe. Nitayafuata mwenyewe Dodoma mjini Alhamisi baada ya kipindi cha mwisho.