Trikoderma kwenye nyanya: nimwage sasa au nimechelewa?

Mama_Kahe
Habari za jioni wakuu. Nyanya zangu huku Kahe zimeanza kubeba, sasa majani ya chini yanageuka manjano, mara nyingi upande mmoja tu wa mche. Mchana mche unalegea, jioni unajikaza kidogo. Muuza pembejeo mmoja Moshi mjini kanipa pakiti ya unga wa trikoderma, anasema ni fangasi rafiki wa mimea, nimwage shinani zitapona. Ni kweli?

Mzee_wa_Tengeru
Pole sana mama. Kwanza ujue unapambana na nani. Kata shina la mche unaonyauka karibu na ardhi, lishikilie ndani ya glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka, hao ni bakteria na trikoderma si dawa yao. Maji yakibaki safi, na chini ya ganda kuna michirizi ya kahawia, yaelekea ni mnyauko wa fusari, yaani fangasi mbaya wa udongoni.

Mche ulioshikwa na fusari haurudi, asikudanganye mtu. Fusari ameshaingia kwenye mishipa ya maji ya mche. Trikoderma naye ni fangasi, ila kazi yake iko udongoni na kwenye mizizi: anawahi nafasi na chakula, anajiviringisha kwenye nyuzi za fangasi mbaya, anayeyusha ukuta wake na kumla. Basi awepo kabla adui hajaingia. Mimi namchanganya na mboji iliyoiva, yenye unyevu, naiweka kivulini, kisha naitia kitaluni. Siku ya kuhamisha nachovya mizizi kwenye maji yake, jioni, maana jua kali humuua.

Kijana_wa_Usa
Shikamoo mzee. Naongezea: mama, usimwagie na kabendazimu. Ile inaua fangasi, na huyu wako ataondoka nayo. Angalia pia tarehe ya kuisha na namba ya usajili wa TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu), maana trikoderma ni viumbe hai, pakiti iliyokaa juani dukani haina kitu.

Mama_Kahe
Asanteni mno. Nimekata mashina, maji safi, michirizi ipo. Nang'oa zilizonyauka na mizizi yake nichome. Msimu ujao nipande palepale?

Mzee_wa_Tengeru
Marahaba kijana. Mama, hapana. Fusari hukaa udongoni miaka mingi hata bila nyanya. Hapo weka mahindi, nyanya zihamie kwingine, na ununue mbegu yenye ukinzani wa fusari. Trikoderma peke yake hatoshi kwa shamba lililokwisha kuchafuka hivyo.