Naomba ushauri: kuhesabu virusi vya arkea wa chemchemi za moto

Wakuu, habari zenu. Nasoma maikrobiolojia na nimepangiwa Sulfolobus, arkea (kiumbe cha seli moja kinachofanana na bakteria ila si bakteria) anayestawi kwenye nyuzi joto 80 hivi na pH ya 2 hadi 3. Kumkuza kwenye chupa si shida. Shida ni virusi vyake. Nataka kuvihesabu kwa madoa (sehemu ambapo virusi vimezuia seli kukua) kwenye sahani za petri, kama wanavyofanya wenzetu wa bakteria, ila kwa joto na asidi hiyo agari, kigandishi cha kawaida cha sahani, inalegea tu. Nimehamia gelani, kigandishi kingine, nayo inavumilia, lakini sahani zinakauka kabla madoa hayajaonekana. Nyinyi mnazihifadhije?

Halafu nianze na kirusi kipi? SSV1 hakimuui mwenyeji. Hujipachika kwenye DNA yake hadi miale ya urujuanimno ikiamshe, kwa hiyo madoa yake ni hafifu. SIRV2 kinaua kweli: seli huota vipiramidi vyenye pande 7, vikifunguka virusi vinatoka (picha zake ukiziona utadhani mtu kachora). Naegemea SIRV2, msimamizi wangu anataka SSV1. Darubini ya elektroni hatuna, kwa hiyo njia zinazoitegemea mniwekee kando.