Eksirei za mgongo zinanichanganya, wenye uzoefu nisaidieni

Mpemba_Mtabibu
Asalaam alaykum wanajukwaa. Mie nasomea utabibu, mwaka wa mwisho huu, sasa hivi niko fildi hospitali moja huku Pemba. Kifua nasoma vizuri tu, mkono na mguu hainisumbui, ila nikipewa eksirei ya mgongo nabaki naikodolea macho, mana kila kitu kimepandana, gesi ya tumbo imekaa juu ya L3 (pingili ya tatu ya kiuno), mbavu zinakatiza, ukija shingoni ndo kabisa taya na meno yamo humohumo sijui nianzie wapi nimalizie wapi. Na huu msimu wa karafuu si mnajua wenyewe, watu wanaanguka mikarafuuni wanaletwa. Juzi kaletwa kijana mmoja, maumivu pale juu ya kiuno, miguu inacheza vizuri alhamdulillah, picha ikawekwa kwenye boksi la taa, mwalimu akaitupia jicho akasema "L1 hiyo imepasuka, tazama macho", mara akaitwa wodini akaenda zake. Sasa macho gani jamani? Na nyinyi mnaosoma hizi picha kila siku mnafata utaratibu gani?

FundiPicha_Unguja
Waalaykum salaam. Mie mpiga picha sio daktari, kwa hiyo nakuanzia upande wangu ambao madaktari wengi wanauruka. Kabla hujatafuta ugonjwa jiulize kwanza picha yenyewe imetimia? Jina ndo la huyo mgonjwa, tarehe ndo ya leo, alama ya kulia na kushoto ipo? Khalafu shingo, picha ya ubavuni lazima uone kuanzia C1 mpaka sehemu ya juu ya T1 (C ni pingili za shingo, T za kifua, L za kiuno, zinahesabiwa kutoka juu), kama mabega yamefunika C7 hiyo picha haijatimia wala usiandike kwamba shingo salama, irudishe. Sisi tunajaribu kumshusha mabega, kama bado tunampiga ile ya mkono mmoja juu mmoja chini, ila kwa majeruhi hatumlazimishi, akiumia au kama bega nalo lina jambo basi tena, hapo ni CT (ile mashine inayopiga picha vipande vipande).

Kuhesabu pingili nako kuna mtego. Shingo 7, kifua 12, kiuno 5, wengi wanahesabu kwa kushuka kutoka ubavu wa mwisho wakisema hii T12 basi inayofata L1. Lakini wapo watu wana kijibavu kwenye L1, na wapo ambao L5 imeungana na sakramu (mfupa wa chini ya kiuno, kati ya nyonga), ukihesabu kwa mazoea unampa daktari wa upasuaji namba siyo. Andika umehesabu kutokea wapi.

Na mwiba wa nyuma (kile kichomozi cha pingili unachokigusa mgongoni) kwenye picha ya mbele uwe katikati. Yote ikienda upande mmoja mgonjwa kajigeuza tu, ila ikiwa ya juu iko katikati na kuanzia hapo chini imehama ghafla, hiyo sasa usiiache.

Na ukitaka kubandika picha hapa funika jina la mgonjwa tafadhali.

dr_wa_zamu
Fundi kasema kweli. Mie nakuja kwenye macho.

Tazama picha ya mbele ya kiuno, kila pingili ina viduara viwili vya ukuta mweupe, kulia na kushoto, hizo ndo pedikeli (vishina vinavyounga sehemu ya mbele ya pingili na tao lake la nyuma), zinakutazama. Na ule mwiba wa nyuma kati yake unakaa chini kidogo kama mdomo, ndo mana wazungu wakaiita sura ya bundi (kwetu bundi mkosi, ila huyu mzoee tu). Sasa kutoka L1 kwenda L5 nafasi kati ya macho mawili inapanuka taratibu, taratibu. Ukikuta pingili moja macho yake yametengana kuliko ya juu yake na kuliko ya chini yake pia, hiyo imepasuka, kiwiliwili (lile bonge la mbele la pingili) kimefumuka kwa kukandamizwa toka juu. Mtu akianguka kwa urefu akatua kwa miguu au makalio nguvu inaishia pale T12 na L1 mara nyingi, kwa sababu juu kuna kifua kigumu kimeshikwa na mbavu na chini kuna kiuno kinachocheza, pale katikati ndo panapoumia.

Ukishaona hivo hamia picha ya ubavuni uangalie ukuta wa NYUMA wa pingili. Kawaida umeingia ndani kidogo kama upinde mwembamba. Ukiwa umetokeza nyuma kwenye mfereji wa uti basi hiyo ni ya hatari, kipande kinaweza kusukuma neva. Ikiwa mbele tu ndo pamefupika na ukuta wa nyuma uko sawa, hiyo ni ya kubonyea, afadhali kidogo. Denis, daktari wa upasuaji wa mifupa, mwaka 1983 aligawa mgongo safu tatu, mbele, kati na nyuma, na hoja nzima ni hiyo safu ya kati (ndo yenye ule ukuta wa nyuma) imeguswa au haikuguswa. Picha ya kawaida lakini inadanganya, kuna mipasuko inaonekana kama kubonyea tu mpaka upige CT, kwa hiyo ukiwa na shaka mlaze, mgeuze kama gogo, mpeleke mbele.

Shingo: chora mistari kwa kidole. Mmoja mbele ya viwiliwili, wa pili nyuma yake, wa tatu pale mizizi ya miiba inapokutana na matao, wa nne ncha za miiba, huu wa nne unayumba kwa watu wengi usikutie presha. Mitatu ya kwanza ipinde vizuri bila ngazi. Khalafu nyama iliyo mbele ya pingili, kwa mtu mzima usawa wa C2 C3 isizidi kama milimita 7, usawa wa C6 C7 isizidi kama sentimita 2 hivi. Imevimba na mfupa huoni kitu? Usimruhusu. Kati ya tao la mbele la C1 na kijino cha C2 (kile kichomozi chake kinachopanda juu ndani ya C1) nafasi kwa mtu mzima milimita 3, mtoto mpaka 5.

BintiMkoani
Nyongeza ya watoto. Mtoto chini ya miaka minane hivi C2 inaweza kuonekana imeteleza mbele ya C3 na mtoto yuko salama kabisa, viungo vyao vinalegea. Tazama ule mstari wa tatu aliousema dokta, ukiwa umenyooka vizuri kupita C1 C2 C3 tulia. Na ile picha ya mdomo wazi (inapigwa kwa mbele ili C1 na C2 zionekane), kivuli cha meno kikikatiza kijino kinaonekana mstari wa kuvunjika, fatisha ule mstari mpaka nje ya mfupa, ukiendelea nje basi ni jino hilo.

Mzee_Bandarini
Nyote mnazungumza kuanguka tu, na mgonjwa wa mgongo unaouma miezi, anakonda, jasho la usiku, mbona hamumtaji? Huyo mie ndo namuogopa zaidi ya wa mkarafuuni, mana wa mkarafuuni kila mtu anajua kaumia.

Dokta kafundisha macho yametengana, nami naongeza jicho LILILOPOTEA. Jicho moja halipo mfupa mwengine upo, fikiria saratani iliyosambaa. Tezi dume yenyewe mara nyingi inafanya pingili iwe nyeupe mno badala ya kuitoboa. Sasa TB ya mgongo inaanza pembeni mwa kiwiliwili mbele karibu na diski (ule mto laini kati ya pingili mbili), inakula diski, inahamia jirani, kwa hiyo utakuta pingili mbili zinazotazamana zimeliwa na nafasi kati yake imekwisha, baadae mbele inaporomoka na mgongo unatoa kibiongo. Pott, daktari wa upasuaji wa Uingereza, aliieleza mwaka 1779. Saratani kwa kawaida diski inaiacha, inakula mfupa juu na chini na diski imebaki palepale. Hiyo moja tu ukiishika utawasaidia watu wengi. Na kandokando angalia kivuli cha usaha, kifuani mstari wa pembeni ya mgongo unavimba pande mbili, kiunoni ukingo wa msuli wa soasi (unaoshuka kando ya pingili za kiuno) unafutika au unatuna.

Ila msiwape watu moyo bure, mfupa unapoteza kama asilimia 30 mpaka 50 ya madini yake ndo eksirei ionyeshe. Picha safi na mgonjwa anakonda, endelea kumtafuta.

Mpemba_Mtabibu
Wallahi mmenifungua macho (ya bundi 😂). Mzee mie swali jengine, kuna yule mbwa wa kwenye picha za mshazari za L5 (pingili ikipigwa kwa upande inatoa umbo kama mbwa) wanamsifu sana, nimkariri?

dr_wa_zamu
Mjue ukikutana naye, shingo ya mbwa ikiwa na mstari mweusi basi daraja (kile kipande chembamba cha mfupa kwenye tao la nyuma) limekatika hapo, mara nyingi L5. Lakini usiombe picha za mshazari kila mgonjwa wa kiuno, mionzi inazidi na mara nyingi hazibadilishi matibabu, wengi wameziacha.

BintiMkoani
Mie nilijifunza kwenye picha za KAWAIDA, sio za ugonjwa. Kila picha ya tumbo inayokuja ina kiuno kizima humo, kila kifua cha ubavuni kina pingili, usiangalie tumbo tu ukaipita. Na kifua cha ubavuni pingili zinatakiwa ziwe nyeusi zaidi kadiri unavoshuka kwenye kiwambo (ule msuli unaotenga kifua na tumbo), zikiwa nyeupe chini kuna kitu mapafuni hapo nyuma.

FundiPicha_Unguja
Na yule wa mkarafuuni kama katua kwa miguu niletee visigino vyake pia, wote wawili, kisigino na kiuno vinavunjika pamoja na mgonjwa atalalamikia kile kinachouma zaidi tu. Na ukishapata L1 usifunge picha, shuka na panda mgongo mzima, pingili nyengine mbali kabisa na hiyo inaweza kuwa imevunjika.

Mpemba_Mtabibu
Visigino hakuna aliyeviomba. Naingia zamu saa moja, nitamwambia mwalimu kabla hajaandikiwa kwenda Unguja.